Risala ya Wahitimu wa Kozi ya Ustawi wa Jamii kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Pengine ulitarajia tukusomee changamoto za chuo. Hizo mkuu wetu anazijua. Leo tunaomba tuzungumzie fedha za bahati nasibu na huduma za ustawi wa jamii.

Katika mafunzo kwa vitendo tulikuta makao ambako wazee wawili wanapokezana kiti kimoja cha magurudumu. Mmoja akienda msalani, mwenzake anangoja kitandani. Wahudumu walikuwa wamelipwa mishahara yao. Kilichokosekana ni fungu la kununulia kiti cha pili.

Hong Kong walianzisha Mfuko wa Bahati Nasibu mwaka 1965, mahsusi kwa huduma za ustawi wa jamii. Katika mchezo wao wa Mark Six, kila dola 100 za mauzo hugawanywa hivi: 54 zawadi, 25 ushuru wa serikali, 15 mfuko huo, na 6 kamisheni ya mwendeshaji. Fedha za mfuko hutumika zaidi kujenga na kukarabati vituo, kununua vifaa, na kujaribu miradi mipya kwa muda maalumu. Tunaona hapo wametumia busara. Jengo likishakamilika linabaki, hata mauzo ya tiketi yakishuka mwaka unaofuata. Mshahara wa mlezi wa watoto hauwezi kungoja droo.

Uingereza nao, walipoanza bahati nasibu ya taifa mwaka 1994, walishika kanuni kwamba fedha hizo ziwe nyongeza, zisichukue nafasi ya bajeti ya serikali. Kuitamka ni rahisi, kuisimamia ndiyo kazi. Hazina ikiona mfuko umenona, inashawishika kupunguza fungu la wizara kimyakimya. Kituo kinabaki na kiasi kilekile, ila sasa mlipaji ni mnunuzi wa tiketi.

Na mnunuzi huyo, Mheshimiwa, mara nyingi ni mtu wa kipato cha chini. Hilo si la kupendeza siku ya sherehe, lakini hatutalificha. Wapo miongoni mwetu wanaopinga kamari ya aina yoyote kwa sababu za dini, na mjadala ulikuwa mkali. Tulichokubaliana sote ni kwamba, maadamu fedha zinakusanywa, mnunuzi ana haki ya kujua zimekwenda wapi.

Hivyo tunaomba utufikishie haya: mgao wa ustawi utajwe kwa asilimia ndani ya sheria, na majina ya vituo vilivyopewa ruzuku yatangazwe pamoja na taarifa ya mkaguzi wa hesabu. Aidha, sehemu ya mgao igharamie ushauri nasaha kwa walionaswa na uraibu wa kamari. Hili tunalisisitiza, maana familia zao ndizo tutakazozipokea tukianza kazi.

Tunaomba kuwasilisha.