Yakhe, usimzike shujaa kabla ya namba ya pili

Mkunazini, Unguja

Yakhe,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika na joto lake lote. Tangazo limetoka, shujaa wako wa katuni anavua vazi na kumwachia kijana msiyemjua, na baraza zima la Wete limeshaapa halinunui tena katuni zake. Haya. Kabla hamjafika huko, tazameni kwanza tangazo lile limeandikwa kwa ajili ya nani.

Si kwa ajili yenu. Kampuni za Marekani hutangaza namba mpya, yaani matoleo ya katuni, takriban miezi mitatu kabla hazijatoka, na anayelengwa ni mwenye duka. Yeye huagiza mapema, na kwa kawaida zikimdodea hazirudishwi, hasara yake. Kwa hiyo mwandika tangazo ana kazi moja tu: kumtia mwenye duka hofu ya kuagiza kidogo. Ndiyo maana kila mwezi utasoma kwamba mambo hayatakuwa tena kama zamani. Wanakuonjesha mwanzo wa kisa, kisha wanakata.

Mkumbuke Captain America, Mei 2016. Ukurasa wa mwisho wa namba 1 ya mfululizo mpya, Steve Rogers, ndiye Captain America mwenyewe, anatamka kiapo cha Hydra, maadui zake wa siku zote. Mashabiki wakawaka mpaka mwandishi akatishiwa kuuawa. Namba 2 ikaja na jibu: kumbukumbu zake zilibadilishwa na Kobik, mtoto mwenye nguvu za Cosmic Cube, mchemraba unaogeuza mambo yalivyo, kwa hila za adui yake Red Skull. Steve wa kweli alirudi 2017. Spider-Man naye, Desemba 2012, katika namba 700 Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe, anakufa na adui yake Doctor Octopus anabaki na mwili wake. Aprili 2014 Peter yupo, kama hakikutokea kitu.

Lakini yapo mabadiliko yanayokaa, na hapo hasira zenu nazielewa. Ndoa ya Spider-Man ya 1987 ilifutwa mwaka 2007 kwa mapatano na Mephisto, shetani wa katuni hizo, na wengi hawajasamehe hadi leo. Mimi nawaunga mkono. Kile kisa kilikuwa kibovu hata ukiiweka ndoa pembeni. Barry Allen, yule Flash, shujaa wa mbio, alikufa 1985 na hakurudi sawasawa mpaka 2008. Kijana aliyeshika nafasi yake, Wally West, akalea kizazi kizima cha wasomaji.

Sasa utajuaje lipi la kupita na lipi la kukaa? Chukua orodha ya matangazo ya mwezi huu na za miezi miwili inayofuata, uzisome pamoja. Jina la shujaa wa zamani likiendelea kuonekana kwenye kitabu kingine, basi kaenda matembezi tu. Kisha angalia matangazo ya vitabu vya mkusanyiko, vile vinavyojumuisha namba tano au sita: maduka ya vitabu huviorodhesha miezi mingi mbele, na muhtasari wake mara nyingi unatoboa siri ambayo tangazo la kwanza liliificha. Tazama pia kama badiliko linagusa kitabu kimoja au kampuni nzima. Septemba 2011 DC, kampuni ya Superman na Batman, walianza upya vitabu 52 kwa mpigo, vyote namba 1. Lile halikuwa tishio la mwezi mmoja.

Na namba zenyewe zina habari. Action Comics, kitabu cha Superman, ilifika 904, ikarudishwa kwenye 1 mwaka 2011. Mwaka 2016 ikatoka 957. Watu walidhani wamekosea kuhesabu, lakini jumlisha: 904, ongeza namba 52 za ule mfululizo mpya, unapata 956. Detective Comics, ya Batman, hivyohivyo: 881 na 52 ni 933, ikaendelea na 934. Kampuni inapofuta hesabu, daftari la zamani hailitupi, linawekwa kabatini kusubiri namba 1000.

Msidanganywe na mauzo ya namba 1 pia. Toleo moja hutolewa kwa majalada mengi, na jalada adimu la moja kwa ishirini na tano maana yake duka liagize nakala 25 za kawaida ndipo lipate hilo moja. Zile zinahesabiwa zimeuzwa, hata zikilala stoo. Subirini namba 3 na 4, wakati mwenye duka ameshaona nani anarudi kununua.

Kuhusu kupiga kelele: mara moja kelele zilihesabiwa kweli. Mwaka 1988 DC waliweka namba mbili za simu, senti 50 kwa kila simu, msomaji achague Robin wa pili, Jason Todd, msaidizi wa Batman, afe au aishi. Afe 5,343, aishi 5,271. Kura 72! Na sisi watu wa visiwani kura za karibukaribu tunazijua. Akafa, na 2005 wakamrudisha.

Kwa hivyo ushauri wangu: namba 1 msiilipie mapema. Ikiwa ndugu yako wa London ndiye anayewanunulia, aulize dukani kwake siku ya mwisho ya kurekebisha oda, huwa wiki tatu au nne kabla ya kutoka. Namba moja ni dola 3.99 au 4.99 kwa kurasa 20 hivi za kisa. Mkusanyiko wa namba sita aghlabu unatoka nafuu kuliko kuzinunua mojamoja. Na msinunue kwa tamaa ya kuja kuuza. Kifo cha Superman cha Novemba 1992 kiliuzwa ndani ya mfuko mweusi na kitambaa cha msiba cha kufunga mkononi, watu wakaweka akiba nakala kwa mamia, na leo zimejaa tele, bei yake ndogo.

Zile mlizonazo ziangalieni kabla ya masika. Hewa ya bahari inaanza kwenye pini zinazoshika kurasa: ukiona doa la kahawia pembeni mwa waya, kutu imeshaingia karatasini. Msiifunge karatasi yenye unyevu kwenye plastiki, itaota ukungu humo humo. Ikausheni kwanza kwa feni, si juani, jua linakula rangi. Kisha mfuko wa Mylar, plastiki ya kuhifadhia, kadibodi isiyo na asidi nyuma, na boksi liinuliwe kutoka sakafuni.

Orodha ya mwezi ujao ikitoka nitaipigia mstari palipo na jina la shujaa wako, nikutumie kwa simu. Wasalimie barazani, na huyo aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote mwambie namba 2 atasoma ya kuazima.

Wasalaam,
Sahibu yako