Barua kwa Bahati: namwomba mzee ashuhudie

Goma, Jumapili jioni

Ndugu yangu Bahati,

Jambo sana. Sisi wazima, mvua tu na umeme wa kubahatisha. Mama Furaha anakusalimu, bado anadai sufuria yake.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu tungegombana hadi inite ziishe. Mdogo wangu anahangaikia cheti cha uraia, na ofisini wanataka mzee wa kushuhudia kwamba babu yetu alikuwa Masisi kabla ya uhuru. Wazee wa upande wetu wamekwisha wote. Amebaki baba yako.

Cheka kwanza. Mhunde, mwenyeji wa Masisi, kumshuhudia Mnyarwanda wa Gishari!

Haya, sasa sikia. Babu hakuvuka usiku kwa kujificha. Wabeleji wenyewe walimwandika kule Rwanda wakamleta, kwa ile kazi yao ya MIB, ya kuhamishia Wanyarwanda Kivu, iliyoanza 1937 ikaisha 1955. Wanasema walivusha watu kama 85,000. Walitaka mikono ya kulima mashamba ya wazungu, na huko ng'ambo ardhi ilibana, njaa nayo haikuwa mbali. Masisi wakadai ni msitu mtupu. Mtupu wapi, wakati kila aliyelima alitoa mutulo, ushuru wa ardhi, kwa Mwami, chifu wenu? Wakaimega Gishari humo Masisi, wakaiwekea chifu kutoka ng'ambo, na 1957 wakaifuta hiyo hiyo chiferi yao. Hakuna aliyewauliza wazee wenu wala babu yangu. Mzee akiwaka kwa habari ya ardhi ile, ana haki, na babu anisikie huko kaburini nikisema hivyo.

Ila tarehe, Bahati, tarehe zitaniua! 1972 walitupatia uraia, mradi ulifika kabla ya 1950. 1981 wakaufuta, sharti ukoo uwe umo nchini tangu 1885. Mwaka 1885 hakuna mzungu aliyekuwa ameliona ziwa Kivu! Yule Mjerumani Götzen alilifikia 1894, na mpaka na Rwanda wazungu walikuja kupatana Brussels 1910, baada ya kuvutana hata juu ya Idjwi. Sasa karatasi ya 1885 ningeitoa kwa nani? Ndipo 2004 sheria ikasema 30 Juni 1960, angalau hiyo wazee wanaikumbuka. Babu alilala kilima kile kile miaka yote hiyo, huku akiwa raia, mgeni, tena raia. Na mtaani hawachagui: wa Rutshuru waliokuwapo kabla ya mpaka, sisi wa MIB, waliokimbia 1959, wa 1994, wote wanaonyeshwa barieri ndogo, kivuko cha kwenda Rwanda, "kwenu ni pale".

Ya vita vya Masisi vya 1993 siandiki. Wa kwenu unawajua, wa kwetu unawajua, basi.

Kwa hiyo, mzee atakubali? Anaweza kusaini huko Lubumbashi, au itabidi apande ndege na mguu ule? Bado anamkumbuka babu, au anakumbuka ugomvi wa ng'ombe tu? Akitaka nimwambie mwenyewe hayo ya Gishari kabla hajashika kalamu, nipige saa ngapi? Ukimsomea, usiruke pale pa mutulo. Na fromaji, ile jibini ya Masisi, nimtumie, au atasema namhonga?

Ni mimi,
Janvier