Jim Reeves na Krismasi ya kwanza bila Bibi

Ndugu, jamaa na marafiki, salamu za Krismasi.

Jioni hii chapati zinageuzwa jikoni, nimewasha redio, na kama Desemba zote za maisha yangu, aliyenipokea ni Jim Reeves. Wengi wetu Kenya tunaijua sauti yake, ila mwenyewe hatumjui sana.

Alizaliwa Texas mwaka 1923. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mchanga, mama akawalea watoto shambani. Alitaka kuwa mchezaji wa besiboli. Akaumia, ndoto ikakatika, akaingia kazi ya utangazaji wa redio na baadaye akawa mwimbaji. Mwanzoni alipaza sauti kama waimbaji wengi wa kantri. Mwaka 1957 akaishusha, akasogeza midomo karibu kabisa na maikrofoni, akaimba kana kwamba chumbani kuna mtu mmoja tu wa kumsikiliza. Bibi yangu hakujua Kiingereza, lakini alikuwa akisema, “Huyu anaimba kama anayembembeleza mtoto mgonjwa.” Sijasikia maelezo bora zaidi ya hayo.

Albamu yake ya nyimbo 12 za Krismasi ilitoka mwaka 1963. Tarehe 31 Julai 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilinaswa na dhoruba karibu na Nashville ikaanguka. Yeye na mpiga kinanda wake, Dean Manuel, wakafariki. Hakuwa ametimiza miaka 41. Kumbe Krismasi aliyoishi na albamu ile ni moja tu, na ndiyo hiyo hiyo Krismasi yetu ya kwanza tukiwa huru, siku 13 baada ya bendera kupandishwa. Kila nikilikumbuka hilo moyo wangu hulainika.

Bibi ametutangulia mwaka huu. Redio ninayoisikiliza ni yake, na stesheni ni ile ile aliyoiacha, sijathubutu kuibadilisha.

Basi salamu zangu za kwanza ziwafikie mliozika mwaka huu: poleni sana, tuko pamoja. Mlio barabarani kurudi nyumbani, mfike salama. Wauguzi, walinzi na madereva mtakaokesha kazini, Mungu awatunze, na chakula chenu kiwekwe pembeni mkikute.

Krismasi njema, na heri ya Mwaka Mpya.