Taarab ya avata: sauti kwanza, sura baadaye

Mhariri,

Wanaotutangazia jukwaa la uhalisia pepe, yaani ukumbi wa kompyuta unaoonekana kwa miwani maalumu, ambapo mpiga udi wa Dar es Salaam na mpiga fidla wa London watakaa pamoja kama avata (sanamu za kompyuta zinazowawakilisha), huanza na sura na mavazi. Waanze na saa.

Mwanga ndani ya mkongo, yaani kebo ya intaneti, hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar na London zimeachana kilomita 7,500 hivi kwa mstari ulionyooka, yaani milisekunde (elfu za sekunde) 37 za kwenda tu, na mkongo haupiti njia ya mkato. Ucheleweshaji ukizidi milisekunde 25 au 30, kila mpigaji humngoja mwenzake bila kujijua, na wimbo huzorota. Kwa London basi, kundi la Dar lipige bila kumsikia yule wa fidla. Yeye apige juu ya anachokisikia, na wasikilizaji wapelekewe mchanganyiko wa kwake.

Dar na Unguja wanaweza kupiga pamoja kabisa, ila kwa masharti. Hedifoni ziwe za waya. Za Bluetooth peke yake zaweza kula milisekunde 100 na zaidi. Kompyuta iungwe kwa kebo, maana Wi-Fi huleta sauti kwa kusuasua. Kadi ya sauti ya kompyuta iwekwe ikusanye sampuli (vipande vya sauti) 128 kwa mkupuo, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde: ni chini kidogo ya milisekunde 3. Uchujaji wa kelele uzimwe: umeundwa kwa maneno, na fidla ikishikilia noti ndefu huidhania feni, ikaifuta.

Sasa avata. Miwani nyingi hufuata kichwa na mikono miwili, kiwiko hubahatishwa. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi, akipitisha mkono mmoja juu ya mwingine, kamera za miwani hupoteza vidole. Kwa ngoma ya dumbaki, pigo la avata lifyatuliwe na sauti yenyewe, na msikilizaji acheleweshewe sauti hiyo milisekunde 50 hivi, mkono upate kuinuka kwanza. Jicho husamehe sauti iliyochelewa kidogo, kama ya shoka la mbali. Ikitangulia mkono, haisamehewi.

Makofi ya kila mtu yasipitishwe kwenye mtandao, yatafika kama mvua juu ya mabati. Itumwe hesabu tu ya wanaopiga, kila miwani itoe sauti yake.

Raha yenyewe iko kwenye kumtunza mwimbaji fedha. Shabiki wa Muscat au Toronto hashiki mapigo, kwa hiyo nusu sekunde haimdhuru. Apewe njia ya kufika mbele akicheza taratibu, noti ya fedha mkononi, na mkono wa mwimbaji uipokee. Wanaotunza wachorwe kikamilifu. Walio nyuma wawe vivuli vyepesi. Wakichorwa wote, miwani hushindwa kutimiza picha 72 kwa sekunde, na mtunzaji huvua miwani kwa kichefuchefu kabla noti haijafika.

Mafundi wa sauti,
Dar es Salaam