Taarifa ya mwenyekiti 2025: mwaka tuliofundisha vijana kuchora kitu kinachokwenda

Mbukwenyi wanachama wenzangu. Shikamooni wazee wetu mlioanzisha hiki chama, na nyie vijana habari za siku. Mambo ya hela mhazini atasoma mwenyewe siku ya mkutano, risiti zote anazo, kwahiyo mi naomba niongelee darasa letu la kuchora la vijana la Jumamosi hapa Dodoma kwasababu ndo lililokula muda wetu mwingi mwaka huu na ndo lililonipa moyo kuliko kitu chochote tangu mnipe hiki kiti.

Mwanzoni mwa mwaka tulipanga ukutani kazi zote za vijana za mwaka wa nyuma, mliokuwepo mnakumbuka. Twiga, twiga, Wamasai watatu na jua linazama, tembo, mbuyu na jua linazama. Mkono mzuri, rangi imekaa vizuri, hilo siwezi kuwanyima, ila ukitoka ubao wa tatu ukaenda wa kumi huwezi kusema nani kachora upi, na kila kilichochorwa kimesimama. Hata simba anayemkimbiza swala kasimama, miguu imewekwa tu mbele na nyuma. Nilikaa pale muda mrefu baada ya watu kuondoka nikaona kosa ni letu sisi tunaofundisha maana tuliwapa picha za kunakili, hatukuwapa kitu cha kuangalia.

Najua kuna wazazi walilalamika tulipobadilisha. Walisema hizo ndo zinazouzika, mtalii akifika anataka twiga, sasa nyie mnamaliza karatasi kwa michoro ya mkaa isiyoeleweka. Nawaelewa kabisa, mtoto akirudi na elfu kumi nyumbani ni mboga. Lakini jamani Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeanzisha hii michoro ya wanyama tunayoita tingatinga, alipoanza pale Dar es Salaam mwaka 1968 alichukua vipande vya ubao wa dari na rangi ya kupakia baiskeli kwasababu ndo alivyoweza kupata, akachora anavyoona yeye. Tukimheshimu tuchukue huo ujasiri wake, twiga wake tumuachie.

Basi tukaanza na sekunde 30. Kijana mmoja anasimama katikati anafanya kitu cha kila siku, anainua ndoo ya maji, anarusha jiwe, anatwanga, wengine wanachora, nikisema basi ni basi, karatasi inageuzwa. Wiki za kwanza walikuwa wanaanza na kichwa, wanachora macho, pua, sekunde 30 zinaisha mtu ana uso tu hana mwili. Tukawaambia acha uso, tafuta kwanza mstari mmoja unaotoka kisiginoni unapita mgongoni mpaka kwenye mkono unaofanya kazi, huo mstari ndo mwendo wenyewe, ukiupata hata usipomalizia mtu ataona ndoo ni nzito. Na kingine, mtu anayetembea kila hatua ni kama anaanguka halafu anajidaka, ukimchora uzito wote umekaa sawasawa juu ya miguu yake umemsimamisha, ukimuegemeza mbele kidogo kuzidi mguu basi anakwenda. Hilo moja tu lilibadilisha kazi za watoto ndani ya mwezi.

Mkaa tunatengeneza wenyewe, kwa wale mnaouliza mbona hatununui. Vijiti vilivyonyooka unene wa kalamu, unavimenya, unavipanga kwenye kopo la maziwa ya unga, unafunika, unatoboa tundu dogo la msumari kwenye mfuniko halafu unaweka kopo kwenye moto. Moshi unatoka kwenye lile tundu, mwanzo mweupe mzito, ukikata unajua tayari, unaliacha lipoe lenyewe bila kufungua maana hewa ikiingia wakati bado moto unakuta majivu. Mkaa wa jikoni ni mgumu unakwaruza karatasi, huu ni laini na unatii mkono.

Somo la punda nalo niliseme. Mwaka 1878 kule California mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kwenye mstari, farasi akipita anakata nyuzi, kila uzi unapiga picha yake. Kabla ya hapo wachoraji wakubwa wa Ulaya walikuwa wanachora farasi anayekimbia kanyoosha miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, wote wanne hewani, na watu waliamini. Picha zikaonyesha kweli kuna muda miguu yote iko hewani ila ni pale imekusanyika chini ya tumbo. Sasa sisi farasi tutampata wapi, tukaenda na simu mbili kwenye mikokoteni ya punda tukarekodi kwa slo mosheni, vijana wakachora kutoka kwenye simu halafu wakaweka simu mfukoni wakachora punda wanaopita. Yule simba wa mwaka jana sidhani kama atarudi.

Ila kilichonigusa zaidi ni siku walipokuja akina mama na ngoma za muheme, zile za wanawake wa Kigogo. Mama kasimama, ngoma kaibana katikati ya mapaja, na anayecheza ana njuga miguuni. Binti mmoja wa darasa la sita aliangalia muda mrefu hachori, nikataka kumsemesha nikajizuia. Baadae akaja na karatasi, kachora mchezaji miguu imeshagonga chini, mabega ndo kwanza yanapanda, na kitambaa cha kiunoni bado kiko upande wa hatua iliyopita. Yaani mwili mmoja una nyakati tatu. Nikamuuliza nani kakufundisha hivi, akasema hakuna, nguo inachelewa. Nguo inachelewa! Nimefundisha miaka mingi sijawahi kulisema kwa maneno machache hivyo na sasa ndo tunafundishia, khanga inachelewa, nywele zinachelewa, vumbi linachelewa kuliko wote.

Kwa upande wa mawazo, maana kuchora vizuri bila wazo bado ni kunakili tu, kila kijana ana daftari dogo la mfukoni na sharti letu ni kabla ya kazi yoyote kubwa uwe na vipicha kumi visivyozidi saizi ya kiberiti. Vitatu vya kwanza huwa ni vile vile ambavyo kila mtu angechora, cha tano anaanza kukasirika, kuanzia cha saba ndo anaanza kuwa yeye. Tuliwapa mada ya treni ya SGR, tangu ifike Dodoma mwaka 2024 kila mtoto anataka kuichora, na wengi walichora behewa refu na mistari ya upepo nyuma. Kijana mmoja kipicha chake cha nane hakina treni kabisa. Kuna mbuzi kumi na kitu nyuma ya uzio wamegeuza shingo wote upande mmoja, wa mwisho kulia bado anageuka, na vumbi limelala. Unaisikia treni. Hiyo ndo ilikwenda kwenye ubao mkubwa na ndo ile mliyoiona mlangoni siku ya maonyesho.

Mwezi wa nane tulikwenda Kolo, Kondoa, asanteni wote mliochanga ya kosta. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006 na mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, lakini wengi wetu tunaoishi mkoa huu huu tulikuwa hatujawahi kukanyaga. Mlima una jasho. Ukifika juu unakuta watu wekundu, wembamba, warefu kuliko mtu wa kweli, wamechorwa kwa mistari, na wengine wamepinda kiuno kabisa. Vijana walinyamaza. Halafu mmoja akasema kwa sauti ya chini, huyu naye katumia mstari mmoja. Waliochora hawakuwa na duka la vifaa, walikuwa na udongo mwekundu na mwamba, na mwendo wao bado unaonekana.

Sasa yaliyotuumiza. Chumba tulichokuwa tunapanga tulinyang'anywa katikati ya mwaka kwa notisi ya wiki moja huku tumeshalipa, hela haijarudi mpaka leo, ndomana tupo chini ya mwarobaini na upepo wa Dodoma mnaujua, karatasi zinapaa. Rangi tulizoagiza zilifika nusu zimeganda. Na tumempoteza kijana wetu mmoja, au niseme tumempoteza nusu, ameingia kwenye bodaboda kwasababu nyumbani wanamtegemea yeye. Simlaumu hata kidogo. Alikuja Jumamosi moja na kofia yake ngumu mkononi akakaa nyuma, akachora pikipiki kwenye kona. Akatuelezea kwamba kona ikija dereva analala ndani pamoja na chombo, lakini abiria mgeni anaogopa anajinyoosha upande wa pili, na ndo alivyochora, mmoja kalala, mwingine kakakamaa, watu wawili kwenye siti moja hawaaminiani. Hakuna kati yetu sisi walimu angeliwaza hilo maana hatujakaa mbele ya ile pikipiki.

Kwa ajili yake na wengine kama yeye naomba mkutano ukubali mwaka ujao tuongeze kipindi cha Jumapili jioni, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, muda ambao wanaofanya kazi wanaweza kupumzika kidogo. Mimi nimeshajitolea kuwepo, nahitaji wanachama wawili wengine wa kupokezana. Tunahitaji pia chumba chenye dirisha kubwa, hata kama ni stoo ya mtu, tutapaka chokaa wenyewe. Na yeyote mwenye makopo ya maziwa yenye mfuniko asitupe, alete, tuna vijiti vingi kuliko makopo. Darasa linaanza tena Jumamosi ya pili ya mwezi wa kwanza saa tatu asubuhi pale pale kwenye mwarobaini.