Kaka, mwache mtoto aeleze mwenyewe

Kaka yangu,

Assalam aleikum. Mama hajambo, anakusalimu. Najua huko Doha kazi ni nyingi, lakini lile la video ya mwanao halijanitoka moyoni, na kwa kuwa simu zangu hupokei, nakuandikia hapa.

Alikuwa jikoni akikamua tui la nazi, kifumbu mkononi, machicha yamemganda mpaka kwenye kiwiko. Simu niliiegemeza kwenye kopo la unga, ikawa inachukua mikono tu, maana mtoto akijiona uso husahau kazi akabaki kujitazama. Akasema: "Kwanza unatia maji ya vuguvugu. Halafu unafinya. Halafu unafinya tena mpaka nazi ichoke." Mpaka nazi ichoke, Kaka! Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nikakutumia nikijua utafurahi.

Wewe ukajibu kwa sauti, kwenye kundi la ukoo mzima: "Hata kusema kukamua hujui? Shangazi yako akufundishe, urudie." Mtoto alikuwa mapajani mwangu, akaisikia yote. Akaniuliza kama tui lake lilikuwa baya.

Hilo ndilo siwezi kulisahau.

Watu hudhani video kama ile inamfunza anayeitazama. La. Wa kwanza kujifunza ni anayeeleza. Mwaka 1994 mtafiti Michelene Chi na wenzake waliwapa wanafunzi somo la mzunguko wa damu mwilini: walioambiwa wajielezee kila sentensi walielewa kuliko waliolisoma mara mbili. Nami nayaona hayo kila siku na watoto ninaowafundisha chekechea, PP2. Ukimwandikia mtoto maneno akariri, hapo anayefikiri ni wewe.

Kumsahihisha namsahihisha, usidhani namwachia tu. Tuliitazama ile video pamoja, kisha nikafanya alivyosema, neno kwa neno. Bakuli hakulitaja. Basi nikakamua hivi hivi, tui likamwagika sakafuni. Akapiga kelele, "Shangazi, bakuli!" Akarekodi upya, na bakuli likaja la kwanza kabisa. Nani alimwambia?

Unasema namharibu kwa simu. Simu ni yangu, anaishika nikiwa kando yake, kazi moja tu, dakika haifiki, na uso wake hauonekani. Mtaala wenyewe wa shule zetu Kenya, CBC, unataka mtoto ajue kujieleza na kutumia vifaa vya kidijitali. Na asipokaa nami jikoni akae na nani, Kaka? Sikudai shukrani, wala leo sidai. Ila usinifanye mimi ndiye nisiyejua kulea.

Wewe mwenyewe ulikuwa ukikaa kwenye baraza pale Kibokoni ukimweleza Baba mnyororo wa baiskeli unavyorudishwa. Ulikuwa ukianza katikati, ukirudi nyuma, ukipotea. Baba alishika kikombe chake cha kahawa akakusikiliza mpaka ukamaliza. Hakukukata hata siku moja.

Juzi amerekodi nyingine, ya kukunja kanzu. Mikono ameisahau, na kola ameiita shingo. Nitakutumia wewe peke yako. Ukirudi kutoka msikitini Ijumaa, vua kanzu yako uikunje vile vile alivyosema, kisha mpigie umwulize mikono inakwenda wapi. Umwache ajibu mpaka amalize.