Risala ya Wafungaji wa Nzi Bandia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Fainali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa kikundi chetu,
Waheshimiwa waamuzi,
Washindani wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu. Tulikuona asubuhi ulipoingia. Badala ya kwenda moja kwa moja kwenye kiti ulichoandaliwa, ulisimama meza ya nne, ukavaa miwani, ukamtazama mshindani akizungusha unyoya wake hadi mwisho bila kumsemesha. Mwenzetu huyo ametuambia kuwa mikono ilimtetemeka, ila uzi haukukatika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe hatuna haja ya kukueleza nzi bandia ni kitu gani. Lakini wapo ndugu na jamaa waliokuja kutushangilia ambao tangu asubuhi wanaulizana kwa nini watu wazima wamejifungia ukumbini wakishona wadudu. Kwa ajili yao tunaomba dakika moja.

Chakula kikubwa cha samaki aitwaye trauti ni wadudu wa majini. Wadudu hawa huanza maisha wakiwa tunutu, yaani wadudu wachanga wasio na mabawa, chini ya mawe, kisha wakati wao ukifika hupanda juu, hupasua gamba, hutoa mabawa na kuruka. Baadhi yao huishi na mabawa hayo siku moja au mbili tu. Trauti huwavizia kila hatua, chini, katikati na juu ya maji. Sasa mdudu wa namna hiyo huwezi kumtunga kwenye ndoana, maana ukimgusa tu amepondeka. Ndiyo sababu mvuvi humwiga kwa unyoya, sufu na uzi. Kazi hii ni ya zamani. Aelian, mwandishi wa Kirumi, aliandika takriban mwaka 200 habari za watu wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kuongezea manyoya mawili ya jogoo. Kama walikuwa na waamuzi, hakusema.

Sisi tunao, na ni wakali. Katika fainali ya leo kila mshindani amepewa dakika 45 afunge nzi watatu wa aina moja kwenye ndoana namba 14 isiyo na kijino, yaani ile ncha ya nyuma inayomzuia samaki asichomoke. Kwa ndoana hizi namba ikipanda umbo linapungua, na hii ya 14 unaweza kuilaza juu ya ukucha. Watu hutuuliza kwa nini watatu. Ni kwa sababu nzi mmoja mzuri anaweza kumtokea yeyote kwa bahati, lakini watatu wanaofanana kama waliozaliwa pamoja hawatoki ila kwenye mkono uliozoea.

Nzi aliyepangwa leo ni Adams. Alibuniwa mwaka 1922 huko Michigan, Marekani, na Leonard Halladay, akampa jina la rafiki yake Charles Adams ambaye alimpeleka nzi huyo mtoni na kurudi akimsifu. Kwa macho ya mbali ni kishada cha kijivu tu. Ukikaa naye kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani kinachoshika ndoana, ndipo unamjua. Mkia wake ni nyuzi za manyoya ya jogoo wawili, mmoja wa kahawia na mmoja wa milia myeusi na myeupe, na urefu wake haupaswi kupita shina la ndoana. Mwili ni manyoya laini ya kijivu, yanayosokotwa kwenye uzi uliopakwa nta hadi yawe membamba kuliko utambi wa mshumaa. Ukiyajaza sana nzi anakuwa kama aliyevaa koti. Mabawa ni ncha mbili za unyoya wa milia, zinazosimamishwa na kutenganishwa kwa mizunguko ya uzi. Kisha manyoya mawili ya shingo ya jogoo, mmoja wa kahawia na mmoja wa milia, huzungushwa pamoja ili nyuzi zake zitoke pande zote kama miale. Waamuzi huja na rula hapa: nyuzi hizo zikiwa fupi kuliko upana wa mdomo wa ndoana, yaani nafasi kati ya ncha na shina, au zikifika mara mbili yake, alama zimeondoka.

Baada ya hapo kinabaki kichwa, na kichwa ndicho kimewaliza wengi. Mtu anafunga vizuri kutoka mkiani, anafurahi, anasahau kuacha nafasi nyuma ya tundu la ndoana. Akija kumalizia fundo la mwisho, uzi unapanda juu ya manyoya, tundu linaziba, na dakika zimebaki mbili. Msomaji wa risala hii amelia kwa kosa hilo mara mbili, tena mbele ya watoto wake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukukuita tukusimulie mafanikio peke yake. Lipo jambo linalotukera, na limetugawa kikundini.

Mwaka jana, baada ya zawadi kutolewa, mtoto wa mmoja wetu alimchukua nzi wa mshindi akamtumbukiza kwenye glasi ya maji. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kuona kama anaelea. Nzi yule alikuwa amepata alama za juu kabisa. Mabawa yake yalikuwa sawasawa, mkia umenyooka, kichwa kidogo kinachong'aa vanishi. Alipogusa maji akalala ubavu, bawa moja likazama, akabaki hivyo mguu juu. Tukachukua na wa pili, naye akalala. Mtoto alicheka. Sisi tulitazamana.

Tangu siku ile tumekuwa na kambi mbili. Kambi moja inasema haya ni mashindano ya mikono, tuache mto ubaki mtoni. Wana hoja, maana hata mwenye kupamba jambia hatakiwi kuonyesha alivyochinja nalo. Kambi ya pili, ambayo ndiyo iliyoandika risala hii baada ya kura kupigwa, inaona kwamba nzi anayeelea ubavu ni nzi aliyefungwa vibaya, rula iseme isemavyo. Mabawa yakizidi uzito upande mmoja kwa nyuzi mbili tu za unyoya, jicho la mwamuzi halioni, lakini maji yanaona.

Tunamkumbuka Frank Sawyer, mtunza mto wa Avon nchini Uingereza, aliyefunga tunutu kwa nyuzi za mkia wa ndege aina ya fezanti. Uzi hakuutumia kabisa. Alitumia waya mwembamba wa shaba ili tunutu wake azame upesi. Miguu hakumwekea, kwa sababu alikuwa amewatazama tunutu wakiogelea na kuona kuwa huibana miguu mwilini. Kwa karatasi zetu za alama za sasa, nzi huyo angekatwa alama za miguu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu la kwanza na kubwa ni tangi la kioo litakalokaa kwenye meza ya waamuzi, lenye kina cha kutosha kumtazama nzi kutoka chini, yaani kutoka anapotazama samaki. Nzi mmoja kati ya watatu atupwe humo, na namna anavyokaa majini ipewe alama zake. Wenzetu wa kambi ya kwanza wamekubali, kwa sharti kwamba tangi lisizidi robo ya alama zote. Tumelikubali sharti hilo, japo kwa kinyongo kidogo.

Ombi la pili ni taa na lenzi za mezani. Washindani wetu watatu wamevuka umri wa kutunga uzi kwenye bobini bila msaada, na ndio mafundi wetu bora.

La tatu ni kabati linalofungika vizuri. Nondo waliingia kwenye sanduku letu la manyoya na kula ngozi mbili nzima za shingo za jogoo, zile za milia ambazo Adams hawezi kufungwa bila hizo. Haya ya leo tumeazimana.

Mwisho, kabla hujatoa zawadi, jiliwa la meza ya mbele limeachwa wazi kwa ajili yako. Ndoana iliyobanwa hapo ni namba 12, kubwa kidogo, uzi umeshaanzishwa, na unyoya tumekuchagulia. Glasi ya maji ipo pembeni yake.

Tunaomba kuwasilisha.